Jiwe la Mlimani

Lilikuwa kwenye droo ya kinyozi, chini ya brashi iliyonyonyoka,
limefungwa kwa gazeti la miaka ile
nchi yetu ilipokuwa na jina jingine.
Refu kama kiganja, zito kuliko lilivyoonekana.
"La mlimani," baba alizoea kusema,
"babu yako Bogomir alilichonga mwenyewe kule Pohorje,
akashuka nalo Maribor, theluji ikimfika magotini."

Siku hizi baba hasemi. Tangu kiharusi
mdomo umemwegemea upande mmoja, mlango ulioachwa na bawaba,
na ndevu zinaota bila kumwuliza mtu.

Nikalitia tone la maji.
Likakaa juu, duara, likinitazama.
Jiwe lilishashiba mafuta, halina kiu.
Nikalichemsha kwa magadi na sabuni katika sufuria ya supu
(Tadeja asijue),
maji yakawa rangi ya chai ya jana,
jikoni kukanuka kinyozi: tumbaku, pomadi, taulo la moto.
Mara ya pili tone lilizama
kabla sijahesabu tatu.

Siki haikutoa povu. Basi si chokaa.
Nililigonga kwa kucha, likalia kama kigae;
mwamba hauliii hivyo, mwamba hununa.
Chini ya lenzi ya kukagulia stempu
punje zote kimo kimoja, askari wa gwaride.
Mlima, Babu, haupangi punje zake.
Mlima huacha mshipa, doa, kosa.
Ubavuni nikapapasa mstari mwembamba, kovu la kalibu,
na tarakimu iliyolika: nne, au labda tisa.

La kiwandani, basi. Ng'ambo ya Drava,
dinari chache, na risiti.
Theluji yote ile ilikuwa ya mdomoni.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaudhika,
kwa kuwa hakubaki wa kunibishia.

Nikalisawazisha juu ya kioo, kwa mchanga na maji,
mpaka bonde la katikati, bonde la mkono wake,
likawa kivuli tu.
Hapo nilisita.
Nikaendelea.

Wembe ukapita mara kumi, mara ishirini;
kwanza mchakacho, halafu mnong'ono,
tope la kijivu likitangulia makali.
Nikaning'iniza unywele wangu mmoja: ukapinda, ukateleza.
Mara tano tena, bila kukandamiza,
uzito wa wembe wenyewe.
Unywele ukaanguka. Sikusikia kitu.

Jioni nilimpaka baba povu.
Shavu lililo hai alilikaza mwenyewe,
lililolala nililivuta kwa kidole gumba.
"Ni la mlimani, baba," nikamwambia. "Nimelipima."
Jicho moja likanikazia, refu,
kama mtu anayejua bei.
Wembe ukashuka kutoka sikioni,
na chini ya taya, pale mkono ulipotaka kuharakisha,
likatokea tone jekundu,
likakaa juu, duara.