Geji Ikiwa na Homa

"Nani kauwasha?" akaniuliza Dhahabu,
siku yake ya tatu bandani, Malindi, nyuma ya mivinje.
Kiganja alikibandika mtungini, akakitoa upesi
kama aliyefunua sufuria ya jirani.
Kuni hapana. Kiberiti hapana,
hata sigara nimepiga marufuku.
Ni kompresa tu inayokohoa, na hewa
ile ile tunayoivuta bure.

Nikampa pampu ya baiskeli. Ziba tundu, sukuma.
Akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.
Shika hapo chini. Akashika. Akacheka:
"Ni mkono wangu!"
Ndiyo. Ni bega lako, ni uji wako wa asubuhi,
umeingia humo ukakosa mlango wa kutokea.
Chembe zikigonga ukuta unaozijia
hurudi na mbio kupita zilizokuja nazo,
na mbio hizo, mwanangu, ndizo joto.

Mimi nilifundishwa na hasara.
Mwaka wa kwanza nilijaza pupapupa, mitungi kumi na minne,
wageni wangoja, mashua imewashwa;
geji ikasoma mia mbili, nikaandika mia mbili.
Kulipokucha imepoa: mia na themanini.
Mwarandu mzamiaji akaniita mwizi mbele za watu.
Ningemjibu nini?
Kwamba geji nayo, ikiwa na homa, huweweseka?

Sasa najaza taratibu, mtungi umeketi kwenye pipa la maji,
na maji yakishapata uvuguvugu
Dhahabu hufulia leso zake.

Ukifungua vali, mambo hugeuka:
hewa hutoka kwa kishindo, ikiusukuma ulimwengu,
na nguvu za kusukuma huzitoa mfukoni mwake.
Shaba ikatoa jasho baridi. Siku moja,
mwezi wa Machi, Malindi hii hii,
ikaota barafu, nyembamba, kama chumvi ya jasho shatini.

"Na jua je? Nani analijaza?"
Jua halina fundi.
Limejikalia lenyewe, uzito juu ya uzito,
likabanwa, likawaka, hata elektroni
zikabanduka viini vyao, ikawa plazma,
si gesi tena; na kila linavyojibana
ndivyo linavyojisukuma lisibanike.

Nilikuwa bado nasema. Yeye yuko kwenye sindano:
mia na tisini, mia na tisini na tano, mia mbili.
Nikachukua kalamu.
"Ngoja," akasema, "ipoe kwanza."