Nusu Shubiri

Nilianza kwa chaki, sakafuni, karakana yetu ya Chuda:
mistari miwili mirefu, mita tano na nusu,
mikato saba ya kukingama, na mbele pembetatu
iliyochongoka kama mdomo wa chuchunge.
Kilua akaukanyaga mchoro kwa mguu wake mbovu,
kisigino kikafuta boriti ya tatu.
"Ekseli umeiweka wapi?"
Sikumjibu. Nilikuwa bado sijaiweka.

Maana swali ndilo hilo; mengine ni chuma tu,
na chuma kilipatikana:
reli za trole kutoka shamba la mkonge lililokufa
huko nyuma ya Muheza,
tulizinunua kwa kilo, na kutu yake tukailipia.
Ekseli mbili za lori lililokuwa likibeba singa,
grisi imeganda ndani ya habu kama halua nyeusi.
Springi zina majani saba, moja lina ufa; nikalitoa.
Beringi nilinunua mpya. Hapo sikufanya ubahili.

Tela langu la kwanza, nilikuwa kijana
na nilikuwa najua kila kitu.
Ekseli niliipachika katikati kabisa,
kama mizani ya dukani, nikasimama mbali nikalitazama
nikasema: urembo.
Kwenye mteremko wa Pongwe likaanza kutikisa mkia,
kushoto, kulia, kushoto,
hata gari likawa linaendeshwa na mzigo wake.
Kompresa ikakata minyororo.
Kilua alikuwa amekaa pembeni yake
kwa sababu mimi nilimwambia akae.

Vidole viwili. Miaka kumi na tisa.
Hajanitajia hata siku moja,
ndiyo maana mimi naihesabu.

Sasa najua: kilicho sawa machoni si sawa barabarani.
Mzigo sharti uiname kidogo kwa anayeuvuta,
kama mtu anayetaka kusikia.
Katika kila kilo mia, kumi zilalie ndoano,
au kumi na mbili.
Zikizidi, gari linapiga magoti.
Zikipungua, mkia unapata akili yake.

Siku sita za kuchomelea, umeme ukikatika tunakaa.
Vijiti vilinyonya unyevu wa masika, vikawa vinatema cheche tu;
Bi Mwanahamisi akatukubalia tuvikaushe
ndani ya tanuri lake la mkate wa ajemi.
Mikate haikunuka chuma.
Wateja walisema inanuka, wiki nzima.

Jumamosi tukapakia mashine ya kusaga kokoto ya Shekalaghe:
yenyewe na tela, tani mbili na robo.
Tukaazima mizani ya mahindi, tukaiweka chini ya shingo.
Mshale ukatetema, ukasimama: mia na tisini.
Pungufu.
Kilua akachukua mtaimbo bila kuambiwa,
akauchomeka chini ya mashine, akaegemea.
Kidogo. Kidogo tena. Nusu shubiri.
Mia mbili na arobaini.
Vijana wa kijiweni wakacheka:
jasho lote hilo, kwa kilo hamsini?
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nikafunga minyororo, nikairudia,
nikairudia tena.

Nilimpa Kilua usukani. Hilo sikulipanga,
mkono wangu ndio ulionyoosha ufunguo.
Tukapita Kange, tukapita kwenye mizani, na pale Pongwe
barabara ikaanza kushuka
na mimi nikashika ukingo wa kiti kama bi harusi wa kwanza kupanda gari.
Sikutazama mbele. Nilitazama kioo cha pembeni:
tela linakuja,
linakuja nyuma yetu, limenyooka, halina habari.

Chini ya mteremko Kilua akapunguza mwendo.
Nikangoja. Alikuwa na la kusema, nilimwona shingoni.

"Taa ya kushoto," akasema, "haiwaki."