Siku ya Kwanza, Tena

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapa Chiang Rai hawana pupa hiyo:
mgeni siku tisini, kisha mpe fomu.

Jina: Ritva. Uraia: Mfini.
Namba ya nyumba, kichochoro, kata, wilaya.
Wanataka kujua jambo moja tu:
bado uko pale uliposema uko?
Miaka kumi na mmoja nimejibu, niko,
kwa kalamu ya buluu,
na Bi Sirilak wa dirisha la tatu
akanibania kikaratasi kwenye pasipoti, tak!
chenye tarehe ya kuja tena kusema niko.

Jirani yangu Phikun, muuza tambi,
huzijua siku zangu kuniliko.
Huzizungushia duara kwenye kalenda ya kinu cha mpunga,
ileile anayoandikia madeni ya wateja.
"Zimebaki kumi na tano, Ritva, wameshaanza kupokea.
Na ukizidisha wiki moja baada ya tisini, faini baht elfu mbili.
Bakuli arobaini hizo, za tambi zangu."
Namwambia nitakwenda Jumatatu.
Haniamini, wala simlaumu.

Siku ya themanini na tatu simu ililia adhuhuri.
Kwao Kemi kulikuwa bado na kiza cha asubuhi.
Dada yangu Tuula hakusalimu.
Alisema, Mama.
Nyuma yake mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
akakwangua, akakwangua,
nikangoja amalize.

Kabla ya kupanda ndege nililipia ruhusa ya kurudi.
Anayetoka bila huo muhuri
viza yake humfia mlangoni.
Nilikuwa na akili ya kulikumbuka hilo.
Koti nililisahau.

Tuula alinitandikia kitanda cha wageni.

Siku ya tisini nilikuwa jikoni kwa mama
nikitoa kabatini mitungi ya jamu,
kila mmoja na mwaka wake, kwa mwandiko wake,
mwaka jana, juzi, na mmoja wa kabla sijahama.
Simu ikatetema. Phikun:
"Leo ndiyo leo. Uko wapi?"
Sikujua nimjibu nini.
Nikampigia picha theluji.

Ya tisini na tano tukamzika.
Ardhi ilipashwa moto kwanza ndipo ikakubali.
Ya tisini na saba, mwisho wa huruma ya serikali,
nilikuwa angani, kwenye nchi ya hakuna,
nikiwa na kijiko chake mfukoni.

Nilikwenda dirisha la tatu na elfu mbili ndani ya bahasha.
Bi Sirilak akafunua kurasa, akaona muhuri wa uwanjani.
"Ulitoka?"
Nilitoka.
"Basi hudaiwi. Ukivuka mpaka, hesabu ya zamani imekufa.
Inaanza ulipoingia. Leo ni siku yako ya pili."
Akaking'oa kile kikaratasi, akakitupa kapuni,
na pini yake.

Nilisimama pale na bahasha yangu.
Siku themanini na tatu ambazo mama alikuwa hai,
ambazo nilisema nitampigia Jumapili,
zilikuwa kapuni pamoja na maganda ya machungwa.
Mtu wa nyuma yangu akakohoa.

Phikun hakuuliza habari za faini.
Aliishusha kalenda ukutani, akafuta meza kwa kanga ya mkono wake.
"Alifariki lini? Tarehe kamili."
Nikamtajia.
Akahesabu kwa ncha ya kijiti cha kulia, midomo ikicheza,
akapindua mwezi, akapindua mwingine.
"Kwetu maiti hufanyiwa sadaka siku ya mia.
Mia ya mama yako itaangukia siku yako ya themanini na tano.
Sirilak atakuwa ameshaanza kupokea.
Asubuhi hekaluni kwa watawa, mchana ofisini.
Safari moja, nauli moja."

Akachora duara. Akafikiri, akachora la pili
juu ya lile lile,
halafu akaniuliza mama alikuwa anakula pilipili au hapana.