Ufa

Tumefunzwa sote: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Kazi yangu mie ni kuupasua.

Chumba cha nyuma, Machomanne. Feni nimeizima,
mlangoni nimebandika karatasi: MSIPITE MKIKIMBIA.
Lori likipita barabarani
sindano ya almasi hutetemeka, na mie nayo.

Ndani ya kijaluba cha bibi, kilichokuwa cha tambuu,
vimo vimhimili kumi na viwili, vimechongwa ng'ambo
kutoka jani moja la tabo la jenereta ya Wesha.
Kila kimoja chembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga:
huku nikeli, huku ganda lililopakwa kuikinga na moto,
na katikati, mpaka.

Nalipenda neno hili.
Mpaka ni pale vitu viwili vinapokutana.
Mpaka, vilevile, ni hadi lini.

Baba alikuwa zamu usiku ule, kuamkia Idi.
Jani likakatika, tabo ikatafuna majani yake yenyewe,
Chake nzima giza, cherehani za umeme zikanyamaza
na kanzu za watu hazijapindwa.
Wakaandika kwenye faili: uzembe wa fundi Shaame Faki.
Akalichukua jani, akalifanya kizuizi cha mlango
miaka kumi na tisa.

Nasukuma. Kimhimili cha kwanza kinapinda.
Cha pili. Cha tatu kinasitasita kwenye grafu,
kisha mstari unaanguka, bila kishindo.
Ufa haukukata nikeli. Haukukata ganda.
Umepita katikati yao
kama mtu anayeijua njia ya shamba usiku.
Vimhimili tisa, hivyo hivyo.
(Kimoja nilikipoteza kwa chafya. Viwili sijui.)
Nguvu iliyotosha: uzito wa mguu wa sisimizi.
Na pale mpakani, salfa ya mafuta machafu, na chumvi,
hii hii ya hewa yetu, inayokula hata bawaba.

Nimempelekea namba. Kavaa miwani,
kaisoma karatasi juu chini, chini juu.
Sikumwona akifurahi.
"Kwa hivyo havikuvunjika?"
Havikuvunjika, baba. Viliachana.

Akautazama mlango, unaopigwapigwa na upepo
tangu nilipolichukua lile jani.
"Basi kipande kilichobaki nirudishie," kasema.
"Mlango huu hautulii."