Vigingi

Waliosema mwenda pole hajikwai
hawakukiona kishale cha Taimi, asubuhi ya Januari, Oulu,
nje nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri,
gari la theluji likikwaruza barabara ya Tuira,
naye akiandika neno moja tu, "rudisha",
skrini ikampa r,
ikanyamaza,
ikampa u-d-i kwa mpigo,
kimya tena,
halafu mabaki yote, kama mdeni aliyeona aibu.

Modi ilikuwa ya Osmo, ya lugha ndogo
inayoendesha mizani za viwanda vya karatasi.
Labda watu mia tatu wanaiandika,
na nusu yao wanahesabu miezi ya kustaafu.
Kazi ya modi ni kupaka rangi:
amri samawati, nambari zambarau,
na kila kilichofungwa ndani ya alama za mtajo kiwe kijani
ili jicho lijue pa kupumzika.

Alianza kwa kulaumu wengine, ndiyo desturi.
Aliilaumu kompyuta, akainunulia kumbukumbu zaidi.
Aliulaumu mwandiko mpya, akarudisha wa zamani.
Akazima nambari za mistari, akazima tahajia.
Herufi zikaja vilevile, zikichechemea.

Basi akawasha kipima muda,
akagonga herufi kumi, akafungua hesabu:
asilimia tisini na moja
imeliwa na kitendakazi kimoja.
Jina lake "niko-wapi".

Mistari sita. Lakini kila herufi ikiguswa
kinakimbia hadi mwanzo wa faili,
kinashuka kikihesabu alama za mtajo,
fungua, funga, fungua, funga,
mistari elfu kumi na moja,
kijue jambo moja: niko ndani au niko nje?
Kisha kinasahau.
Herufi inayofuata, safari upya.
Ni mtu ukimwambia hujambo
anaanza kwa babu wa babu yake,
anashuka ukoo mzima mpaka kwa mama yake,
ndipo aitikie sijambo.

Juu yake, maoni ya kijivu:
"Polepole, lakini sahihi. Nitarudi kurekebisha. O.R."
Tarehe ya vuli, miaka kumi na minne nyuma.
Osmo hakurudi. Moyo wake ulisimama
akiwa kwenye ngazi ya juu ya sauna, ndoo mkononi.
Taimi alipeleka maua, hakuomba msimbo;
msimbo ulimfuata wenyewe.

Akacheka kidogo, puani. Akamimina kahawa ya pili.

Dawa ilikuwa vigingi.
Kila mistari mia mbili piga kimoja, kiandike: hapa nilikuwa nje.
Usirudi mwanzo. Rudi kwenye kigingi kilicho karibu.
Saa tano alimaliza, akajisifu kwa sauti.
Saa tano na dakika tatu faili lote likawa kijani,
amri, nambari, kila kitu, kama dimbwi lililoota ukoga.
Alikuwa amefuta alama moja, mstari wa arobaini,
na vigingi vyote chini yake viliendelea kuapa
kwa ukweli wa dakika iliyopita.

Giza huko huingia saa tisa alasiri. Liliingia.
Kukumbuka kulimchukua asubuhi moja.
Kujua lini aache kukumbuka
kulimchukua mpaka Ijumaa,
na jibu likawa mstari mmoja:
ukigusa popote, ng'oa vya chini, vya juu viache.

Milisekunde mia nne na themanini.
Sasa tisa.

Maoni ya Osmo hakuyafuta. Aliongeza chini:
"Polepole imekwisha. Usahihi, kagueni wenyewe. T.H."
Akafungua alama za mtajo,
akaweka kidole juu ya a, akakiacha hapo,
aaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaa,
kijani, hadi ukingo wa skrini na mstari wa pili,
hakuna iliyosubiri mwenzake.
Kisha akashika kitufe cha kufuta,
zikaondoka kwa kasi ileile.