Shazia

Twalibu aliingia saa nne usiku, hakuvua viatu,
akasema, "Maza, mkeka wangu umechanika."
Nikainuka kutafuta taa.
Nikachomoa shazia ukutani, nikachukua na ukili
uliobaki kwenye kazi ya mke wa Mfaume wa Shangani.
Lete, nikamwambia. Umechanika pembeni au katikati?

Alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe mkeka ni timu kumi na moja ndani ya simu.
Unaweka buku, unalala unaota laki tatu.
Kumi zinashinda, ya kumi na moja inatoka sare
huko Ulaya kwenye baridi,
na wewe hapa Chikongola huna hata ya boda.
Na huo ukichanika, haushonwi?
"Haushonwi, maza. Unasuka mwingine."
Hapo nikamwelewa. Hata mimi nasuka mwingine.
Ila wangu unalaliwa.

Wiki ya pili, niko dirishani nachana ukindu, nikasikia,
"Oya wanangu, nina msala."
Nikasema alhamdulillahi,
mtoto wa Bi Esha leo amepata pa kusujudia.
Kumbe trafiki wamemshikia pikipiki.
Msala wangu unautandika, unaelekea kibla.
Wao unaukimbia.

Basi nikawa nayaokota, mojamoja,
kama korosho zilizodondokea upande wa jirani.
Jero. Msimbazi. Kula kona. Kuingia mitini.
Kausha damu sikufundishwa na mtu,
lilikuja lenyewe na daftari lake kila Jumatatu,
Jumatatu ya sita likaondoka na jiko la gesi.
Siku moja nikawapa na mimi la kwangu, kangomba,
bakuli linalompima mwenye njaa kabla mnada haujafunguliwa.
Wakasema, "Hilo tunalo, bi mkubwa.
Tumezaliwa tumelikuta."

Halafu akapita Somoe wa kwa Nambole,
beseni la mihogo kichwani, khanga imefungwa vizuri tu.
Mmoja akasema, wala hakushusha sauti,
"Jamvi la wageni hilo."
Wakacheka.
Twalibu naye alicheka, kidogo,
kile kicheko cha mtu anayelipa mchango.

Nilivuka barabara na shazia mkononi.
Nilisahau kuwa nimeishika,
wao ndio walioiona kwanza.
Nikawauliza, jamvi ni nini?
Kimya.
Wewe Hashimu, siku tuliyomzika baba yako
watu walikaa juu ya nini?
Mama yako alilia siku tatu juu ya nini?
Nililisuka mimi lile, chane kwa chane,
na nyuma ya kidole hiki alama bado ipo.
Mkeka mmeuchukua, nimewaachia.
Msala mmeuchukua, nimenyamaza,
kwa hilo nitajibu mwenyewe nikiulizwa.
Jamvi rudisheni.

Hakuna aliyeomba radhi.
Hashimu aliinamia simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimika.
Somoe alishafika kona, sijui kama alisikia.
Ila usiku ule Twalibu alivua viatu mlangoni,
akavipanga, kimoja pembeni ya kingine,
akala ugali wake bila kusema neno
la huku wala la kule.

Juzi, sokoni, kwenye vitunguu,
kijana nisiyemjua anamwambia mwenzake,
"Punguza mdomo, mwanangu, utapigwa shazia."
Nikamwuliza, ndiyo nini hiyo, baba?
Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni.
"Ni kuchanwa ukweli, bibi, mbele za watu.
Neno la mjini hilo. Limetoka Dar."

Nilitaka kumwambia shazia haichani, inashona.
Nikachagua vitunguu vya jero,
nikavikung'uta udongo,
nikadai chenji yangu.