Kilomita kwa Lita

Asubuhi redio ya mlinzi ilisema
kiwanda cha magari cha Nala kimepewa mabilioni,
geti litafunguliwa Jumatatu.
Nikaweka kikombe chini, nikampigia kaka.
Hakupokea. Alikuwa ameshapanda baiskeli
kwenda kuuona mnyororo ukifunguliwa kwa macho yake.

Miezi minane Ndahani hajaona mshahara.
Mtu aliyechomelea milango arobaini kwa siku
anachomelea majiko ya mkaa pale Chang'ombe,
na vidole vyake, anasema, vinaona haya.
Kwa hiyo msinihesabu na wanaotaka kife.
Bei ya unga naijua.
Mwanawe wa tatu karudishwa shule kwa sababu ya viatu.

Lakini mimi kazi yangu ni lita.
Huko Mtumba, chumba cha pili nyuma ya karakana,
nina daftari lenye jalada la kijani,
na yanayotoka Nala yote hupita kwangu:
marefu, meusi, kifua kama fahali wa maonyesho.
Hili limekwenda Ihumwa na kurudi, mtu mmoja na bahasha.
Lile limesimama saa tatu nje ya ukumbi, injini inanguruma,
kiti cha ngozi kisije kikapata joto.
Naandika tarehe. Naandika jina la dereva.
Naandika lita, na mkono unakuwa mzito
kama ninayeorodhesha rambirambi.

Nyumbani Mvumi, mwaka ule mvua ilipotunyima,
ng'ombe walianza kulala wasiinuke.
Aliyelazwa na njaa hainuki kwa kubembelezwa.
Tuliitana: wawili kwenye pembe, wawili kwenye mkia,
gunia likapitishwa chini ya tumbo,
mama akahesabu kwa Kigogo, moja, mbili,
hadi mnyama akasimama, miguu ikimtetemeka.
Tukamlisha nyasi tulizozitoa ndani ya godoro letu.
Hakuna aliyenung'unika. Tulilala juu ya ngozi.

Ila Chilewa alikuwa na mtamba wa kisasa,
mkubwa, mweupe, mwenye kumaliza ndoo sita kwa pumzi moja.
Tukamwinua. Wiki ikapita, tukamwinua tena.
Mara ya tatu mama alishika mkia, akauachia, akauliza:
"Tukishamwinua, atakunywa nini?"
Haikuwa roho mbaya.
Kisimani tulikuwa tukichota tope kwa kikombe.

Leo mkia uko mkononi mwangu.
Mabilioni yale ni nyasi za godoro la mtu:
ni tozo ya mama anayemtumia bintiye elfu tano,
ni kodi ya fundi cherehani wa Majengo
anayezima taa saa mbili ili luku isiishe.
Inueni, basi. Nani amekataa?
Ila yule mnayemwinua mwambieni, angali chini,
kabla hajasimama na kusahau,
atuundie kitu chenye tumbo dogo.
Gari la muuguzi, liende Kibakwe na kurudi
kwa mafuta ambayo hili jeusi linayamaliza likiwa limesimama.
La gesi, la umeme, mtajua wenyewe wenye vyuo.
Na la waziri pia; kwani waziri ana uzito gani?
Kilo themanini na simu mbili.

Saa kumi jioni kaka amepiga.
"Wametupima ovaroli, dada! Mpya, za bluu!"
Nikafurahi, Mungu anajua nilifurahi.
"Mnaunda gari gani safari hii?"
Kimya. Nyuma yake watu wanapiga vigelegele.
"Lile lile," akasema. "Limeongezwa kidogo mbele."

Daftari langu lina safu ya mwisho, nyembamba,
iliyochapwa na mtu ambaye simjui, mwenye matumaini:
kilomita kwa lita.
Miaka tisa haijaguswa. Hakuna aliyeuliza, sikujibu.
Wenzangu wameshatoka, mfagiaji ananisubiri na ufunguo.
Nimechukua kalamu nyekundu.
Nimeanza na lile la bahasha.